Pumzi Zilizozikwa

Kila asubuhi, kabla hajamsalimia mtu, Thadei Lyamba huchukua nondo yake ndefu, huichoma katikati ya rundo la pumba za mpunga linaloungua taratibu, huiacha humo kwa muda wa Salamu Maria tatu, kisha huichomoa kwa nguvu kama mtu anayechomoa mkuki ubavuni mwa nguruwe pori. Huitazama ncha. Ikitoka nyeusi, moto umelala, rundo linataka kupuliziwa. Ikitoka na wekundu wa damu iliyoganda, moto umezidi, rundo linataka kufunikwa upesi, la sivyo majivu yatageuka vigae vigae kama chupa iliyovunjika na hayatafaa kitu. Mwisho huitemea mate ile ncha na kutega sikio. Mkewe, Mary, husema mumewe huongea na chuma kabla ya kuongea na yeye, na kwamba siku moja atakipelekea posa.

Ana miaka arobaini na sita. Ni Mpimbwe wa Kasansa, mkulima wa mpunga, Mkatoliki aliyebatizwa akiwa mchanga wa siku nane, na mtu ambaye mwili wake umeandikwa na fimbo. Kovu lililo juu ya jicho la kushoto liliandikwa na baba yake, mzee Benedikto, kwa mpini wa jembe, siku Thadei alipolala usingizi shambani na kuwaacha ndege wale mpunga. Alikuwa na miaka kumi. Mzee alimfunga kwenye nguzo ya ghala akampiga mpaka jasho likamtoka mpigaji. Aliyekuja kuingilia hakuwa mama wala jirani. Alikuwa dada yake mdogo, Pudensiana, wa miaka minne, aliyepita chini ya mpini akiwa na kikombe cha maji. Mpini ulishuka ukampata kwenye kiwiko. Mkono ule haukunyooka tena sawasawa hadi leo.

Meno mawili ya mbele aliyapoteza ukubwani. Mwaka mmoja wa ukame ng'ombe waliingia kwenye majaruba, wakala mpunga uliokuwa unaanza kutoa suke. Wapimbwe walitoka na mapanga, Wasukuma wenye ng'ombe wakatoka na marungu, na tope la majaruba likageuka rangi. Thadei alikutana ana kwa ana na mfugaji mmoja aitwaye Malale. Rungu la Malale lilichukua meno mawili. Panga la Thadei lilichukua kipande cha sikio. Baadaye walipatanishwa mbele ya mtendaji, wakanywa pombe kwenye kibuyu kimoja, na tangu siku hiyo wakaitana mtani.

"Mtani, cheka nione dirisha nililokutobolea," Malale humwambia wakikutana mnadani.

"Sogea karibu basi, maana upande huo husikii," Thadei humjibu.

Ndivyo walivyoishi. Watu wa bonde lile wanajua kupigana na wanajua kusahau, na mara nyingi hufanya yote mawili kwa wiki moja.

Mradi ulipokuja bondeni, mwendo wa nusu saa kutoka Kasansa, ulikuja na malori yenye mitungi mikubwa, mabomba, na mnara wa chuma juu ya kisima cha majaribio. Walikuwa wakitafuta namna ya kusukuma mafuta yaliyogandamana ndani ya mwamba, na papo hapo kuiacha hewa ukaa chini ya ardhi, isirudi tena angani. Walihitaji majivu meupe ya pumba za mpunga, na pumba ziko Kasansa, zimejaa nyuma ya kila mashine ya kukoboa. Walijaribu wachomaji wanne. Watatu walileta vigae. Thadei alileta majivu meupe kama pamba, wakamwajiri siku hiyo hiyo awe anachomea pale pale, kando ya mnara.

Aliyemwombea nafasi ya kujaribiwa alikuwa fundi wa maabara wa mradi, Nestori, mume wa Pudensiana. Nestori alizaliwa Katumba, kwa wazazi waliokimbia Burundi, akasoma mpaka chuo, na alikuwa na mdomo usiopumzika. Ndiye aliyemweleza shemeji yake majivu yale yanakwenda wapi.

"Shem, chukua unywele wako mmoja."

"Upi? Zimebaki chache."

"Huo huo. Upasue kwa upana wake mara elfu moja. Kipande kimoja ndiyo ukubwa wa chembe tunayoitoa kwenye majivu yako. Wanaiita nano."

"Na mnaionaje?"

"Hatuioni. Tunaona kazi yake. Wewe ukipiga povu la sabuni, si linapasuka? Sasa tukichanganya hewa ukaa na maji tunapata povu, lakini likiingia kwenye mwamba, chini kule kwenye joto, linapasuka. Tukitia chembe zako, zinajipanga kwenye ngozi ya kila tone la povu kama sungusungu wamezunguka boma. Halipasuki. Linasukuma mafuta kutoka kila kitundu, na hewa yenyewe inabaki huko huko."

Thadei aliipenda ile ya sungusungu. Alikuwa akiisimulia kilabuni kana kwamba ameitunga yeye.

Jambo moja Nestori alilisema bila mzaha, tena si mara moja. "Shem, rundo lako liko upande wa upepo. Moshi wote unashuka kwenye zile nyumba za bondeni. Na yale majivu ukiyachekecha, vumbi lake si zuri kwa kifua. Lifunike, au nikuombee bomba la kutolea moshi."

"Nikilifunika mapema moto unakufa," Thadei alijibu. "Majivu yakiharibika watatafuta mtu mwingine."

"Basi subiri niandike barua ya bomba."

Barua iliandikwa. Bomba halikuja. Moshi uliendelea kushuka, na Thadei aliuona ukishuka.

Kisha kukawa na mkutano wa kijiji. Mhandisi wa mradi alizungumza Kiingereza, Nestori akatafsiri. Watu walisikiliza kwa adabu mpaka Nyanzala, mke wa Malale, aliposimama na mtoto mgongoni.

"Hiyo hewa mnayoizika, mnaitoa wapi?"

Nestori alitaka kurahisisha. Alijua maneno ya kitabuni, hewa ukaa na kadhalika, akaona yatawalaza watu usingizi. Akagusa pua yake. "Mama, ni hewa hii hii unayoitoa ukipumua. Kila mmoja wetu hapa anaitoa. Imezidi duniani, ndiyo maana tunaizika isirudi."

Malale akauliza kutoka nyuma, "Kwa hiyo mnazika pumzi zetu?"

Ulikuwa mzaha, au Nestori aliudhani mzaha. Akacheka, akajibu kwa sauti ya kuchekesha watu, "Zote, mzee! Hatubakizi hata moja!"

Hakuna aliyecheka. Thadei, aliyekaa mbele, aligeuka kuwatazama walio nyuma. Bondeni kule, Mpimbwe na Msukuma wanatofautiana kwa mengi, lakini hili wanalijua wote: mtu akichukua kitu kilichotoka mwilini mwako, nywele, kucha, hata udongo wa unyayo wako, akakizika, anakuzika wewe. Ndiyo sababu wanawake hukusanya nywele baada ya kusukana na kuzitupa chooni. Na huyu kijana msomi amesimama mchana kweupe, mbele ya mwenyekiti, akasema anazika pumzi, zote, tena kwa unga mweupe usioonekana.

"Ungesema kingine," Thadei alimwambia wakirudi.

"Walielewa, shem. Watu si wajinga."

"Kweli si wajinga. Wamekuelewa ulivyosema."

Mwezi wa nane surua iliingia. Surua huja na kuondoka, lakini safari hii iliwashika watoto kifuani. Walikohoa mpaka wakawa bluu midomoni. Wakafa wawili katika wiki moja. Wa tatu alikuwa mtoto wa Nyanzala, yule yule aliyekuwa mgongoni siku ya mkutano, na mama yake alisema mbele ya waombolezaji wote jinsi alivyokufa: alivuta pumzi, akaitafuta ya kurudisha, hakuiona.

Walimzika saa nne asubuhi. Saa sita mwano ulipigwa.

Thadei alikuwa kwenye rundo lake aliposikia, ile sauti ya kuita watu ambayo ukiisikia hata kama unakula unaacha. Ilianzia upande wa wafugaji, ikapokelewa upande wa wakulima. Aliwaona wakija kwa mamia, jembe, rungu, panga, shoka, na wanawake wamebeba mawe kwenye khanga. Wapimbwe na Wasukuma, waliokatana kwa ajili ya majaruba miaka yote ile, siku hiyo walitembea bega kwa bega, na hakuna aliyemtazama mwenziwe kwa jicho baya.

Mhandisi na wenzake walikuwa Mpanda. Mlinzi alitupa kofia akakimbia. Nestori naye angeweza kukimbia. Lakini bomba lilikuwa limejaa, msukumo ukipanda, na likipasuka vyuma vingeruka. Alikwenda kuzungusha gurudumu la kufungia, mgongo wake ukiwa kwa watu.

Walifika kabla hajamaliza. Shoka la kwanza lilipiga mpira wa bomba, na povu likatoka kwa mlio kama wa fahali anayechinjwa, jeupe, zito, likarukia watu na kushuka kwenye mtaro wa bomba. Waliolowa walipiga yowe, "Pumzi hizo! Zinatoka!" Wengine walishika shoka kwa nguvu zaidi. Mdogo wake Malale, aitwaye Heri, aliruka mtaroni avunje bomba kwa chini. Alipiga mara mbili. Kabla ya kunyanyua mara ya tatu magoti yalimlegea, akaanguka kifudifudi kana kwamba amepigwa risasi.

"Msiingie humo!" Nestori alipaza sauti. "Hakuna hewa humo! Hewa imekwisha!"

Alimaanisha kile ambacho Thadei alikijua, kwamba hewa ukaa ni nzito, hulala mashimoni kama maji, na anayeivuta hazimii polepole. Watu walisikia maneno yenyewe tu. Hewa imekwisha.

Nestori akafanya jambo jema kuliko yote aliyofanya siku ile, na ndilo lililomuua. Alivuta pumzi moja kubwa, akaifunga kifuani, akaruka mtaroni. Alimshika Heri kwapani, akamburuta, akamsukumia juu, akatoka mwenyewe kwa mikono miwili, akiwa mzima. Heri alikohoa, akatapika, akaanza kuhema.

Malale alimtazama mdogo wake, akamtazama Nestori. "Mmeona?" aliuliza, na sauti yake ilikuwa ya chini. "Mtu wetu ameingia amekufa. Huyu anaingia, anatoka. Anawachukua, anawarudisha akitaka. Kwa nini hakumrudisha mwanangu?"

Wakamshika. Hawakumpiga bado. Kwa kawaida ya kule pigo la kwanza lina mwenyewe, na kila mtu alingoja kuona ni la nani. Malale akageuka akamwona Thadei amesimama kando ya rundo lake, na nondo mkononi, ncha yake bado inafuka.

"Mtani. Njoo."

Thadei akaja. Miguu ilimleta.

"Huyu ni mume wa dada yako. Na wewe ndiye unayewachomea huo unga. Watu wanauliza, mtani, na mimi sina jibu. Uko kwao au uko kwetu?"

"Malale, sikiliza..."

"Nimesikiliza tangu asubuhi. Nimesikiliza udongo ukimwangukia mwanangu. Kama uko kwetu, anza wewe."

Nestori alikuwa amepigishwa magoti. Povu lilikuwa likikauka usoni kwake. Alimtazama Thadei, na hakuonekana kuogopa sana, kwa sababu aliyekuja alikuwa ndugu.

"Shem," alisema. "Waambie kuhusu moshi."

Hapo ndipo maisha ya Thadei Lyamba yalipokatika vipande viwili. Alikuwa na la kusema. Angeweza kusema: watoto wamekufa kwa surua, na kama kuna kilichowabana kifua zaidi, si kilichozikwa, ni kilichopaa kutoka kwenye rundo langu, na huyu alinionya mara tatu. Wangemwacha Nestori, labda. Wangemgeukia nani, hilo halikuwa na labda. Aliona mawe kwenye khanga. Aliona shoka. Alihisi mpini wa baba yake ukiinuka, na safari hii hapakuwa na wa kupita chini yake.

"Waambie, shem..."

Nondo ilishuka kwenye mfupa wa bega. Thadei alisikia mfupa ukikatika, na alisikia nyama ikichoma. Nestori hakupiga kelele. Alifungua mdomo tu, kama mtu aliyeitwa kwa jina asilolitambua. Nondo ikashuka mara ya pili, kichwani, na baada ya hapo ikawa ya wote. Marungu, majembe, mawe, mateke. Thadei alisukumwa nyuma na wingi wa watu mpaka akaangukia kwenye majivu yake meupe, akakaa humo, akisikiliza mdundo ule. Ulikuwa mdundo wa watu wanaotwanga. Ulichukua muda mrefu kuliko mtu anavyodhani.

Polisi walifika alasiri, wakapiga mabomu ya machozi kwa watu waliokwisha kutawanyika, na bonde likakohoa upya. Walichukua wanaume kumi na mmoja, Malale akiwamo. Waliwapiga garini, waliwapiga waliposhuka. Katika wale kumi na mmoja hakuna aliyetaja mkono wa kwanza. Malale, kutoka mahabusu ya Mpanda, alimtuma mtu na maneno machache: "Mwambieni mtani wangu nimemlipa meno yake."

Nestori alizikwa Katumba kwa wazazi wake. Sanduku halikufunguliwa. Waombolezaji walimwambia Pudensiana kwamba kaka yake alikuwapo lakini alizidiwa nguvu, na Thadei hakusema ndiyo wala hapana. Alibeba sanduku upande wa mbele, akashika koleo muda mrefu kuliko wote, akafukia mpaka mikono ikatoka malengelenge, na watu wakasema, tazama jinsi alivyompenda shemeji yake.

Muuguzi aliyekuja kuchanja watoto alisema ilikuwa surua, na kwamba moshi uliizidisha. Aliyasema tu, huku akijaza daftari. Baada ya miezi sita mradi ulirudi, na bomba la kutolea moshi likaja nao, refu kupita mti wowote. Mchomaji mpya alileta vigae. Wakaja kumwomba Thadei, akarudi. Wasiojua kilichotokea humsifu kwa uvumilivu.

Pudensiana alihamia Mpanda mjini, Misunkumilo, kwenye nyumba ya vyumba viwili yenye kijishamba cha mihogo nyuma. Thadei alimpelekea mchele mara kwa mara. Wazazi walikwisha kufa, na yeye ndiye ndugu pekee aliyembakia duniani. Kila alipokwenda alihofia jambo moja, na kila aliporudi bila kuulizwa alipumua kama aliyetoka mtaroni, kisha akachukia kule kupumua. Alizoea kukaa karibu na mlango.

Mwaka ulipotimia ilisomwa misa ya kumwombea marehemu. Thadei alifika siku moja kabla, mchana, na gunia begani. Alimkuta dada yake uani akitwanga kisamvu. Alikuwa akitwanga kwa mkono mmoja, ule mzima, na ule wa kiwiko kilichopinda ukishika ukingo wa kinu. Mchi ulishuka, ukainuka, ukashuka.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba, Puda. Leta huo mchi nikusaidie."

"Kaa tu."

Akakaa kwenye kigoda. Mchi uliendelea. Maji ya kijani yalirukia miguu yake, naye alitamani kusogea, hakusogea. Dada yake alikuwa amekonda, na ndevu mbili tatu nyeupe zilikuwa zimemwota Thadei mwenyewe kidevuni tangu walipoonana mara ya mwisho; waliambizana hayo. Walizungumza habari za mvua. Walizungumza habari za padre mgeni anayeongea upesi. Kisha Pudensiana akausimamisha mchi ndani ya kinu.

"Jana amekuja mtu hapa," alisema. "Anaitwa Heri, mdogo wake Malale. Kijana amepiga magoti hapo hapo ulipokaa. Amesema Nestori alimtoa shimoni, naye anaona haya kuwa hai. Nimemwuliza mengi. Amenijibu yote ila moja. Hilo amelilia tu, akasema nikuulize wewe."

Thadei alitazama mlango. Ulikuwa wazi, na njia ya kutokea ilikuwa nyeupe kwa jua. Hakuna aliyemshika.

"Mwaka mzima sijakuuliza," dada yake akasema. "Nilisema moyoni, akitaka atasema. Sitakuuliza mara mbili, kaka, wala sitakuuliza lingine baada ya hili. Wewe ulimpiga?"

"Nilimpiga," alisema Thadei. "Mimi ndiye niliyeanza."